Kulipia Meli Ijayo Ukiwa Bado Ndani ya Hii

Kila meli kubwa ya kitalii ina meza moja ambayo kazi yake ni kukuuzia safari usiyokuwa umeifikiria. Saa, manukato na picha ulizopigwa ukipanda ngazi zina maduka yake; meza hii inauza mwaka ujao, na mwaka unaofuata huo. Royal Caribbean huiita NextCruise. Norwegian huuza vyeti vinavyoitwa CruiseNext. Princess na Holland America huchukua dipoziti ndogo ya safari ya baadaye, ambayo kwa miaka mingi imekuwa dola 100 kwa kila mtu. Majina mengi, mbinu moja: mshike abiria akiwa ameshiba, amelala vizuri, na bili ya mwisho bado hajaiona.

Tangu nirudi Kisumu kutoka safari ya aina hiyo nimeulizwa mambo mawili kuliko mengine yote. La kwanza, kama nilitapika. Sikutapika, Mediterania ya mwezi wa sita ilikuwa imelala, imetulia kuliko ziwa letu jioni upepo ukianza. La pili, kama ni kweli kwamba ukibuku safari nyingine ukiwa bado ndani ya meli unapata kwa bei nafuu. Hilo ndilo lililonikalisha niandike, kwa sababu jibu lake lina kona, na kona zenyewe hazitajwi pale mezani. Anayeuza amezoea abiria wenye pasipoti ya Uingereza au ya Marekani. Sisi wenye pasipoti ya Kenya tuna hesabu nyingine ya kupiga kabla ya kutoa kadi.

Dada yangu mkubwa ni muuguzi huko Uingereza. Alikwenda zamani, kabla ya ule mkataba wa 2021 ambao Kenya na Uingereza zilitia saini kuhusu wahudumu wa afya, akafanya kazi za usiku mpaka akapata uraia. Alipokaribia miaka hamsini alitangaza kwamba hataki ukumbi, hataki keki, hataki kamati ya kuchangishana. Anataka kukaa juu ya maji na mtu wa nyumbani. Mtu huyo nikawa mimi, na nauli akalipa yeye, kwa hiyo sikubishana. Tulipandia Barcelona, tukapita Marseille na Genoa, tukafika Civitavecchia ambayo ndiyo bandari ya kwendea Roma, kisha Palma, tukarudi tulikoanzia. Mimi nina duka la vitabu na sare za shule. Mwezi wa sita muhula ukiwa katikati, duka linaweza kubaki na shemeji bila kuungua.

Nikitaja meli mbele ya watu wa Nairobi hucheka, kana kwamba mtu wa Kisumu anajua mitumbwi tu. Mji huu umekuwa ukiunganisha meli tangu enzi za reli kufika ziwani, 1901. Victoria, ambayo wazee wanaikumbuka, ilijengwa Glasgow, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa na kuunganishwa upya hapa hapa Kisumu, ikaanza kazi 1961. Ilizunguka ziwa: Port Bell, Bukoba, Mwanza, Musoma, kisha nyumbani. Mama aliipanda akiwa msichana, akienda Mwanza kwa shangazi yake, na mpaka leo husimulia chai ya mle ndani utadhani ameinywa jana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 meli ikabaki upande wa Tanzania, na Mama hakuipanda tena. Tulipompigia simu kutoka melini tukamwambia dada anataka kulipia safari ya mwaka mwingine, alinyamaza kidogo.

"Mnalipia meli ambayo haijafika?"

"Meli iko, Mama," dada akasema. "Ni tarehe ndiyo haijafika."

"Basi hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Meza yenyewe ilikuwa ghorofa ya tano, katikati ya mkahawa na ukuta wa picha, mahali ambapo huwezi kwenda kula bila kupita. Siku za mwanzo ilikuwa tupu, na kama una maswali ya kweli hizo ndizo siku za kwenda. Siku ya bahari, ile ambayo meli haitii nanga popote na watu hawana la kufanya, foleni ilifika kwenye lifti. Mbele yetu alisimama mzee wa Kiingereza mwenye kijitabu cha jalada gumu. Ndani ameandika kwa kalamu ya wino kila meli aliyowahi kupanda, namba ya chumba, na alama aliyoipa chai ya asubuhi. Mkewe alikuwa anafuma kitu cha buluu, na sindano hazikusimama hata walipokaribia meza. Hawakuwa wakijadili kama watasafiri. Walikuwa wakichagua upande wa meli, kushoto au kulia. Nilimtazama yule mama nikajiuliza ni lini nimewahi kujua nitakuwa wapi Oktoba ya mwaka kesho. Januari naijua: nitakuwa dukani na futi ya kupimia shingoni, nikipima mabega ya watoto wanaopanda darasa. Mengine ni Mungu akipenda.

Zamu yetu ilipofika, kijana wa mezani hakuuliza kama tunataka kununua. Aliuliza mwaka kesho *tunaenda* wapi, yeye akiwemo. Akageuza skrini tuione: Trieste, Split, Kotor, Corfu na kurudi, chumba chenye roshani, Oktoba, zaidi ya mwaka mmoja mbele. Kampuni nyingi hufungua tarehe mwaka mmoja na nusu hadi miwili kabla, ndiyo maana hakosi cha kukuonyesha. Dipoziti ingekuwa nusu ya ile ya kawaida, na juu yake salio la kutumia melini. Aliandika namba kwenye karatasi, akaizungushia duara, akaisukuma taratibu upande wetu. Kulipa hakuhitaji pochi: unagusisha kadi ya chumba, ile ile unayofungulia mlango, na dola zinaingia kwenye bili. Dunga nako, ufukweni kwetu Kisumu, ukiwa bado unalamba vidole vya samaki wa leo, mwenye hoteli hukuuliza wa kesho akuwekee mkubwa kiasi gani, na ni vigumu kusema hutakuja. Ila Dunga noti hutoka mfukoni ukiiona.

Ukiangalia upande wa kampuni, meza ina mantiki yake. Chumba ambacho hakijauzwa meli inapong'oa nanga hakiuziki tena. Safari imekwenda nacho. Kwa hiyo kila chumba kinachouzwa mwaka mzima kabla ni wasiwasi mmoja umepungua, na pesa imeingia mapema. Mteja wa kutafutwa kwa matangazo ni ghali. Aliye ndani tayari ameshakubali kwamba anapenda meli, na hawezi hata kwenda kwa jirani kulinganisha bei, maana jirani ni bahari.

Sasa bei. Kwa kawaida nauli unayopewa mezani ndiyo inayouzwa siku hiyo kokote kwingine. Hakuna nauli ya siri inayofunguliwa kwa walio ndani. Kinachoongezwa ni vya pembeni: arbuni ndogo, salio la melini, wakati mwingine chumba cha daraja la juu kidogo. Salio ni pesa ya kweli kwa mtu ambaye angenunua ziara na soda hata hivyo. Kwa asiyenunua linageuka kuwa sababu ya kununua. Mara nyingi halibadilishwi kuwa taslimu, na lisipotumika linakufa usiku wa mwisho. Nauli nayo huhesabiwa kwa mtu mmoja ndani ya chumba cha wawili. Ukibaki peke yako waweza kulipa karibu mara mbili. Bakshishi za wahudumu huongezwa kila siku kwa kila kichwa, na hazikuwemo katika ile namba yenye duara. Nilimnong'oneza dada kama ameliona hilo.

"Nimeliona, mdogo wangu. Nyamaza nipige hesabu."

Swali linalostahili kuulizwa kwanza huulizwa watu wakishasimama kuondoka: hii arbuni hurudi? Ziko zinazorudi kamili mpaka siku ya malipo ya mwisho, na ziko zisizorudi, ambazo nauli yake huwa chini kidogo na ukibadilisha tarehe unakatwa ada. Masharti pia hufuata nchi ambako nafasi imeandikishwa, kwa hiyo Mmarekani na Mwingereza waliokaa meza moja wanaweza kuondoka na haki tofauti juu ya vyumba vinavyopakana. Halafu kuna ile dipoziti isiyo na tarehe wala meli: unaweka pesa, unapewa miaka kadhaa ya kuamua. Wazungu wengi huiona ya watu wasioweza kukata shauri. Kwangu mimi ndiyo ya kwanza ya kujadiliwa, na sababu ni viza.

Hapa nitakaa, kwa maana sijamsikia mtu akilieleza. Viza ya Schengen, ile moja inayofungua nchi nyingi za Ulaya, hairuhusiwi kuombwa zaidi ya miezi sita kabla ya safari. Hiyo ni sheria yao wote, si kiburi cha ubalozi mmoja. Malipo ya mwisho ya meli nayo, kwa kampuni nyingi, hudaiwa kama siku 90 kabla ya kuondoka. Nyingine hudai 75, nyingine 120. Weka kalenda mezani. Uko Juni, unabuku Oktoba ya mwaka kesho. Kuanzia Juni hii mpaka Aprili hakuna unachoweza kufanya kuhusu viza, hata uwe na pesa za waziri. Aprili dirisha linafunguka. Julai kampuni inataka pesa yote. Katikati una miezi mitatu, na ndani yake utafute miadi Nairobi, upande basi la usiku uamkie mjini na macho mekundu, utoe alama za vidole (kama ulizitoa ndani ya miezi 59 iliyopita hutumika zile zile), ulipe euro 90 ambazo hazirudi jibu liwe lolote, uonyeshe bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, kisha usubiri siku 15 ambazo kisheria zinaweza kuvutwa mpaka 45. Miadi ikichelewa kidogo tu, utajikuta unalipa nauli yote ukiwa hujui kama utaingia. Mzee wa kijitabu hana habari na dirisha hili. Kwake Oktoba ni Oktoba.

Njia yenyewe nayo ina mtego. Kroatia iliingia Schengen tarehe 1 Januari 2023, kwa hiyo Split haikusumbui. Kotor iko Montenegro, nje ya Schengen. Ukitoka Kroatia ukashuka Kotor kisha meli ikakufikisha Corfu, Ugiriki, umetoka na umeingia tena, na viza ya kuingia mara moja haikufai. Viza ya kwanza wanayotupa sisi aghalabu hukatwa kwa siku za safari yenyewe na kuongezwa chache, kwa hiyo iliyoko kwenye pasipoti leo usiitegemee mwaka kesho. Ukichagua safari inayoanzia Southampton na kupita Hispania, unahitaji mbili, ya Uingereza na ya Schengen. Ukichagua Miami ni ya Marekani, pamoja na mahojiano yake.

Nilimuuliza yule kijana: viza ikikataliwa, mnarudisha? Uso wake ulibaki na tabasamu lile lile, nikajua hajawahi kuulizwa. Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaja na miwani juu ya kichwa, akaishusha, akafungua masharti, akatusomea kwamba hati za kusafiria ni jukumu la abiria. Maana yake, ubalozi ukikukataa, mbele ya kampuni wewe ni mtu aliyeghairi kwa hiari yake, na utakatwa kwa jedwali lile lile la walioghairi: kadiri siku inavyokaribia, ndivyo makato yanavyopanda. Bima nyingi za safari nazo huiacha viza nje. Sina ugomvi na yule bwana, hakutuficha kitu. Alisema kwa hali yangu angechukua inayorudi au asichukue kabisa, akapandisha miwani, akarudi ofisini kwake.

Jambo jingine ambalo pasipoti ya Uingereza hailijui ni shilingi. Ukibuku, umefunga bei kwa dola au euro. Kwa shilingi hujafunga chochote. Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika takriban shilingi 160, na miezi michache baadaye ilikuwa karibu 130. Chukua nauli ya dola 1,500: hiyo ni tofauti ya shilingi 45,000 kwa chumba kile kile na roshani ile ile. Aliyemalizia malipo Januari aliumia, aliyesubiri alipona, na hakuna kati yao aliyekuwa na akili kuliko mwenzake. Nauza vitabu vilivyochapishwa nje, hii hesabu naifanya hata usingizini. Anayewekewa akiba ya dola na ndugu aliye ughaibuni anaweza kuliruka hili. Anayeweka kidogo kidogo kwa M-Pesa mpaka siku ya kulipa asiliruke.

Halafu yapo yale yasiyokaa kwenye hesabu ya mtu yeyote. Waliobuku melini Februari 2020 walikuwa na kila kitu, arbuni ndogo na salio juu, na Machi korona ikasimamisha meli dunia nzima. Kampuni kadhaa ziliwapa chaguo: subiri pesa yako irudi, au chukua salio la safari ya baadaye lenye thamani ya asilimia 125 ya ulicholipa. Kwa mtu aliyekuwa atarudi melini vyovyote vile, 125 ilikuwa nono. Kwa mtu aliyekuwa na karo ya kulipa mwezi huo, salio la kwenda Karibi halikumsaidia kitu.

Nisimkandamize kijana wa mezani. Watu wa kazi ile kwa kawaida hula kamisheni, ndiyo, lakini meli aliijua. Alimkataza dada chumba kilicho chini ya sitaha ya bwawa la kuogelea, kwa sababu wafanyakazi huburuta viti alfajiri kabla jua halijachomoza. Alimwonyesha kwenye ramani vyumba ambavyo mashua za uokoaji huziba dirisha, na vile vya katikati, ghorofa za chini, ambako mawimbi hayahisiwi sana kama mbele na juu. Mambo hayo ukiwa nyumbani na simu usiku wa manane huyapati kirahisi. Alieleza pia kwamba nafasi uliyochukua mezani unaweza kuihamishia kwa wakala wako wa nchini kwako, ndani ya muda uliowekwa, na salio lako libaki. Muda huo huwa mfupi, mara nyingi kama mwezi au miwili, kwa hiyo wakala ajulishwe ukifika tu. Na nauli ikishuka kabla ya malipo ya mwisho, wapo wanaoruhusiwa kuomba ile mpya. Dada alitia ukumbusho kwenye simu palepale: kila mwanzo wa mwezi, angalia bei.

Tulifanya hivi. Dada alichukua chumba cha watu wawili kwa arbuni inayorudi, jina lake la kwanza, langu la pili. Kampuni nyingi huruhusu jina la abiria wa pili libadilishwe kabla ya malipo ya mwisho, maadamu mmoja wa wale wa mwanzo abaki. Tulimtaka kijana atuonyeshe kifungu hicho kwenye skrini, na dada akakipiga picha. Kwa hiyo viza ikinikwepa, rafiki yake wa wodini atalala kitanda changu, na dada hatalipia chumba kizima peke yake. Siku ya kuamua ni mwisho wa Juni, kabla pesa yote haijadaiwa.

Kisha kijana akanigeukia mimi na ile dipoziti isiyo na tarehe. Dola mia moja tu. Nikaijadili, kama nilivyosema, na nikaikataa. Dola mia moja zangu zikikaa melini miaka miwili zitatoka zikiwa zile zile mia moja. Zikikaa Kisumu zinanunua madaftari mwezi wa kumi na mbili kwa bei ya jumla, na Januari zinarudi na wenzao. Dada alisema sina mahaba na bahari. Ninayo, lakini Januari ina mahaba yake.

Nilidhani mambo yameishia hapo, mpaka nilipoyasimulia kwenye chama chetu cha kuchangiana. Sisi ni wanawake wa biashara: mitumba Kibuye, omena, saluni Kondele, mmoja ana duka la dawa. Mkutano ule uliitishwa kujadili shamba la Ahero. Shamba halikuguswa. Walitaka kujua kama chumba kina choo ndani, kama chakula ni cha kujipakulia, kama watu hufua wapi, na baada ya dakika chache nikagundua hawaulizi habari za kwangu tena, wanauliza habari za kwao. Nikawaeleza dirisha la Schengen. Nikawaeleza kuhusu taarifa za benki za miezi kadhaa. Mwenzetu wa omena akauliza pesa yake wataionaje na yote iko kwenye magunia stoo. Swali halali kabisa. Afisa wa viza hahesabu magunia.

Kwa hiyo tukatafuta bahari isiyo na dirisha. Tangu 1 Januari 2023 Mkenya mwenye pasipoti ya kawaida huingia Afrika Kusini bila viza, mpaka siku 90 kwa mwaka. Durban ina kituo cha meli za kitalii chenye jina la Nelson Mandela, na kampuni ya meli ya MSC imekuwa ikiendesha msimu pale wakati wa kiangazi cha kusini, ikishuka na kupanda pwani ya Msumbiji, sehemu kama Portuguese Island na Pomene. Ni safari fupi za siku chache, si za kumtoa mtu dukani wiki mbili. Masharti ya kuingia Msumbiji lazima yathibitishwe kabla ya kutoa hata senti. Yakikaa sawa, kubuku mapema kunakuwa na maana kwetu, kwa sababu hakuna ubalozi wa kusimama kati ya arbuni na ngazi ya meli. Mtu wa mitumba akapendekeza Februari: sare zimeuzwa, karo imelipwa, waume wamechoka kuulizwa pesa.

Hapo ndipo nilipoongeza habari ya vikundi. Kampuni nyingi zikipata vyumba vinane, yaani watu kumi na sita, husamehe nauli ya mtu mmoja. Kodi na ada za bandari atalipa, nauli hapana. Chama chetu hesabu hiyo kinaifikia na kubaki. Mwenyekiti akasema ni jambo la kawaida kiongozi wa msafara kutangulizwa. Mweka hazina akasema anayelala na pesa za watu chini ya mto ndiye anayestahili kupumzishwa. Wa saluni akataka kura, ya siri. Nikawaambia vikundi vingi huigawa ile nauli kwa wote, kila mtu akapunguziwa kidogo, na ugomvi ukaisha.

Mweka hazina akafunga daftari lake. "Kwa hiyo wewe, uliyeshazungushwa Ulaya na dada yako, unataka punguzo sawa na sisi ambao hata Mombasa feri tu?"

Suala limeingizwa kwenye ajenda ya mkutano ujao, chini ya shamba la Ahero.